Chumvi ya Mwalimu na Ndiga ya Mama

Sisi tuliosoma Msimbati miaka ile ya hamsini, kabla ya Uhuru, tuliandika kwa kalamu ya jiwe juu ya kibao, na ukikosea unafuta kwa mate. Gauni moja, miguu mitupu, mchanga unaunguza mpaka unarukaruka. Jioni tulicheza kombolela hadi harufu ya muhogo wa kuchoma ituite nyumbani. Wajukuu zangu leo wakiishiwa bando siku moja tu, maisha magumu. Haya bwana!

Siku moja mwalimu alichanganya chumvi na mchanga mbele yetu. Akatia maji, akakoroga, akachuja kwa kitambaa. Mchanga ukabaki juu. Yale maji akayachemsha mpaka yakakauka, na chumvi ikaonekana nyeupe chini ya sufuria. Akatuonjesha. Nilikuwa msichana pekee darasani, na siku hiyo nilirudi nyumbani kichwa juu.

Mwaka ule mihogo ilikauka shambani, tukala ndiga, kiazi cha porini chenye sumu. Mama alikuwa akiimenya, akiikata vipande vyembamba, na kuviloweka kijitoni ndani ya tenga siku nne nzima, maji yakipita. "Sumu inaondoka na maji," alituambia. "Ulimi ukiwasha, rudisha."

Safari moja, siku ya pili tu ya kuloweka, mama alikwenda Madimba kwa kaka yake kuomba unga. Baba alikuwa baharini. Mdogo wangu Somoe, wa miaka minne, alilia njaa tangu asubuhi. Nikaenda kijitoni, nikaonja kipande. Kilikuwa bado kinawasha. Nikajiambia, mama hakusoma. Mbona mwalimu hakungoja siku nne? Nikavitia vipande sufuriani na maji, nikachemsha mpaka maji yakakauka kabisa. Somoe alikula vyote, akalamba vidole. Nilimwachia ashibe.

Sikufikiri. Wallahi, sikufikiri! Chumvi ya mwalimu ilibaki sufuriani maji yalipokwisha. Sumu nayo ingekwenda wapi?

Alasiri alianza kutapika, kisha mwili ukamkakamaa. Mama alirudi akakuta Somoe amekwisha kukata roho mikononi mwangu. Aliitazama sufuria, akanitazama mimi, akaelewa. Majirani walipouliza nani kapika, alijibu, "Ni mimi. Nilipika asubuhi kabla sijaondoka."

Baba alimpa talaka hata arobaini ya Somoe haijafika. Mama alifunga khanga zake mbili, akaenda kwa kaka yake, akafia huko miaka mingi baadaye, bila mume wala nyumba yake. Hakunisema hata siku moja. Nami nilinyamaza.

Watoto wa siku hizi nawagombeza kila siku. Wana mdomo, hawana siri, kila kitu wanakisema mbele za watu. Sisi tulifundishwa kunyamaza wakubwa wakizungumza, na tulisifiwa kwa adabu zetu. Nawagombeza tu, jamani. Siku ile baba alipomfukuza mama, angekuwapo mmoja wao mahali pangu, angesema.