Daraja la Kwanza kwa Kila Sarafu

Hivi wewe, ukipeleka mali yako ikaguliwe, unataka ukweli au sifa?

Biashara huria imetuletea Nangurukuru wakaguzi wawili wa sarafu za kumbukumbu. Unalipa ada, wanakuandikia daraja, unakwenda kuuza Dar. Nikisubiri basi, nilimwona mama mmoja, mkulima wa korosho, akimpa wa kwanza sarafu ya sherehe za uhuru. Mkaguzi huyo aliichunguza kwa lenzi.

"Daraja la pili, mama. Imelika ukingoni."

Mama akaipeleka kwa wa pili, naye hakuigeuza hata upande wa nyuma. "La kwanza hilo!"

Meza yake ndiyo iliyokuwa na foleni.

Mama akaguna. "Nisije nikaumbuka Dar." Akatoa sarafu nyingine. Yule akaipokea bila kuitazama.

"La kwanza!"

"Na tundu hili, baba? Mjukuu wangu alikuwa akiivaa shingoni."

Foleni ikacheka.

"Kwetu Likawage mnunuzi wa korosho tunamjaribu kwa mbovu. Akizisifu, nzuri hatumpi," mama akamwambia.

Mkaguzi akaifuta lenzi ambayo hakuitumia.

"Mama, tangu nifungue meza hii sijampa mtu daraja la pili. Nani atanilipa nimwambie mali yake imechakaa?"