Namba za Mwajuma Nyuma ya Majina ya Marehemu

Kuna aibu mtu unaweza kuizika kimyakimya, lakini hii yangu ilishuhudiwa na ukoo mzima Kisarawe, tena kwenye hitma ya wazazi wangu, kwa hiyo acheni niiseme mwenyewe kabla hamjaisikia imeongezwa chumvi.

Mimi ndiye mkubwa kwetu. Wazazi walipofariki niliacha shule kidato cha pili nikawashika wadogo zangu watatu, na sasa nina duka la steshenari Kibaha, natoa kopi na kuchapa barua. Kila fomu yenye nafasi ya mzazi au mlezi nasaini mimi, na sitawadanganya, nyingi sijawahi kuzisoma (ningezisoma saa ngapi, na nyingine ni Kiingereza kitupu).

Sasa mdogo wangu Mwajuma, anayesoma kompyuta chuoni, alitakiwa kuweka Linux kwenye laptop yake ikae pamoja na Windows, mifumo miwili mashine moja. Akaniambia atafanya baada ya Jumatatu, akishakabidhi kazi yake ya mwisho, maana kazi yote ya mwaka ilikuwa humo, na nakala ilikuwa kwenye flashi, na flashi ndiyo hiyo aliyoifuta ili ibebe Linux.

Jumamosi tukaenda hitmani. Mwajuma akaingia jikoni kwenye pilau, mimi nikakaa mkekani na laptop yake pembeni, na baba mdogo akaanza kunisifu mbele ya wageni, kwamba huyu hakumaliza shule lakini kompyuta zote za Kibaha zinamjua. Sifa ni kitu kibaya kwa mtu aliyechoka. Nikajisemea, ngoja nimpunguzie mtoto kazi. Nikachomeka flashi, mashine ikakataa kuisoma, nikaingia kwenye mipangilio ya ndani kama nilivyowahi kumwona fundi mmoja akifanya, nikazima ulinzi fulani, na kila ilipouliza nikakubali, vilevile ninavyosaini fomu. Ilipowaka tena ikaleta ukurasa wa bluu: inataka tarakimu arobaini na nane za kuifungua. Nikajaribu kurudisha nilichozima, sikukumbuka ni kipi.

Baba mdogo akauliza mbona bluu. Nikasema inapumzika.

"Basi ikishapumzika Mwajuma atuonyeshe hiyo kazi yake," akasema, na kabla sijamzuia alishamwita.

Mwajuma akaja mikono inanuka kitunguu saumu. Akatazama kioo, akanitazama mimi, hakupiga kelele (heri angepiga).

"Kaka, ile karatasi ya namba za kuifungulia niliyochapa dukani nikakwambia uitunze, iko wapi?"

Dukani kwangu karatasi iliyochapwa upande mmoja haitupwi, upande mweupe tunautumia. Na asubuhi ile, kwa haraka, nilikuwa nimechapa majina ya marehemu wetu wa kuombewa dua, na karatasi hiyo ilikuwa mkononi mwa maalimu aliyekuwa anaongoza dua, ameshafika kwenye jina la bibi mzaa baba, na upande wa nyuma, unatutazama sisi, namba za Mwajuma.

Nikasogea kwa magoti nikamnong'oneza maalimu anipe karatasi. Maalimu akatikisa kichwa.

"Karatasi ya marehemu siitoi mkononi katikati ya dua," akasema, ukumbi mzima ukisikia. "Mwambie akae hapa, nitamsomea."

Akaigeuza, akasoma tarakimu moja moja, Mwajuma anabonyeza, na mzee mmoja aliyekuwa anasinzia ukutani akawa anaitikia amina kila maalimu anapovuta pumzi. Ikafunguka. Kazi yote ilikuwemo. Maalimu akaigeuza tena karatasi akaendelea na bibi, na mimi sikuinua uso mpaka pilau lilipoletwa.

Linux aliiweka Mwajuma mwenyewe baada ya kukabidhi kazi, pale dukani, mimi kazi yangu kushika karatasi. Mashine ikauliza kitu, akasema, "Bonyeza hapo, kaka." Nikamuuliza inasema nini. Akaniangalia kidogo, akasogeza kiti, akaanza kunisomea polepole.

Tangu siku hiyo sibonyezi wala sisaini kitu nisichokielewa. Na majina ya wazazi wangu nimeyachapa upya, kwenye karatasi mpya ambayo nyuma haina kitu.