Mwaka Kapiteni Alipogombea

Nilicheza basketi tangu shuleni, na muda mwingi niliupitisha nimekaa kwenye benchi. Silalamiki. Kutoka pale nilimwona vizuri mwenzetu ambaye mji mzima ulimwita Kapiteni. Alikuwa mwanamke mrefu, mkimya, asiyepiga kelele uwanjani hata mara moja. Akitaka mpira alifungua kiganja tu, na mpira ulimfikia. Siku tulipowafunga wageni kutoka nchi jirani, watu wa mtaa wetu wa Bwiza walimbeba mabegani kutoka uwanjani mpaka kwao. Kesho yake muuza nyama wa mtaa wao alimpelekea baba yake maini na figo, akakataa kulipwa. Ndivyo alivyopendwa.

Vita vilipoanza, timu ilikufa. Wengine walivuka mpaka kwenda Uvira, Kongo, mmoja alifika Ubelgiji, wawili hatujui walipo mpaka leo. Katika mwaka wa pili wa vita zamu ya Bwiza ikafika. Vijana wenye maguruneti walipita nyumba kwa nyumba wakiwafukuza Wahutu, na waliochelewa kutoka hawakutoka tena. Mimi wakati huo nilikuwa nimeolewa mtaa wa Ngagara, na niliporudi kuwatembelea wazazi nilikuta nusu ya milango ina wenyewe wapya. Hakuna aliyeniambia kitu. Watu walizungumzia bei ya samaki wadogo wa ndagala, mvua, umeme. Kapiteni alikuwa amebaki kwao; familia yake, kama yetu, haikuwa ya Kihutu. Baadaye alipata kazi ya kufundisha mazoezi katika shule moja ya Ngagara, na mimi nikapata kazi katika duka la dawa. Jioni tulitembea pamoja kipande cha njia, tukiongea mambo madogo madogo.

Miaka kumi ikapita hivyo. Kisha uchaguzi ukatangazwa, na vyama vyote vikaanza kutafuta wanawake wa kuweka kwenye orodha zao. Bwana mmoja muuza simenti, aliyekuwa mkuu wa chama kimoja pale kwetu, akaenda kwa Kapiteni. Alimwambia kwamba watu wakimwona yeye hawataona chama, wataona vikombe. Kapiteni alikataa. Akaja tena, akakataa tena. Mimi ndiye niliyemsukuma. Nilimwambia kwamba katika baraza la komini, yaani la serikali ya mitaa yetu, ningependa awepo mtu mmoja ninayeweza kwenda kwake bila woga. Akasema, "Haya. Lakini sijui kama we unanijua."

Nilidhani ni unyenyekevu tu.

Wakamweka wa tatu kwenye orodha. Picha waliyobandika ukutani ilikuwa ya zamani, amevaa jezi, ingawa alikwisha kufika umri wa kuvaa miwani ya kusomea. Kampeni ilikuwa rahisi mpaka nikaona haya. Wanaume wazima walisimulia mabao ambayo hakuyafunga kamwe. Katika kila mkutano muuza simenti alimpa mpira autupe kwenye kikapu, na ukiingia alishika kipaza sauti na kusema kwamba hivyo ndivyo watakavyoufunga umaskini. Watu walicheka na kupiga makofi. Kapiteni alitupa mpira, akasema maneno machache juu ya maji na mitaro, akakaa.

Jumapili moja mkutano ulifanyika katika uwanja wetu wa zamani. Sakafu ilikuwa imepasuka, lakini walikuwa wamepaka rangi nguzo na kufunga wavu mpya. Watu walijaa, hata juu ya ukuta. Baada ya hotuba muuza simenti akauliza kama kuna mwenye swali. Mmoja akauliza juu ya mitaro, mwingine juu ya taa za barabarani. Kisha akasimama mama mmoja mwembamba, amejifunga kitenge kilichopauka, akangoja mpaka kelele zikatulia.

Nilimtambua kwa sauti kabla ya sura. Zamani alikuwa akiuza machungwa yaliyomenywa pale pale mlangoni mwa uwanja, na kila mechi ilipokwisha alimwekea Kapiteni chungwa moja la bure. Alikimbia na watu wa Bwiza waliofukuzwa, na sasa alikuwa amerudi kutoka Kongo.

"Mi sina swali ya mitaro," alisema. "Nataka kuuliza Kapiteni. Unanijua?"

Kapiteni alisema anamjua.

"Siku walitufukuza, mi na bwana yangu tulipita kwenu. Niligonga mulango. Nilikuita kwa jina yako, si Kapiteni, jina yenye mama yako alikupa. Ulikuwa ndani?"

 Niliomba moyoni aseme hapana. Neno moja tu, na nani angemshitaki? Siku zile wengi walikuwa wamekimbia nyumba zao. Muuza simenti alikwisha kuchukua kipaza sauti na kuanza kusema kwamba mambo ya namna hiyo yatakuwa na mahali pake na wakati wake, huku akimfanyia ishara kijana wa muziki. Kapiteni akaweka mkono juu ya mkono wake, akakichukua kile kipaza sauti taratibu, kama mtu anayempokonya mtoto kisu.

"Nilikuwa ndani," alisema. "Nilisikia, na nilijua ni we. Baba alisema tukifungua tutakufa wote. Pengine alisema kweli. Lakini mi nilikuwa mutu mukubwa, na ufunguo ulikuwa juu ya meza. Sikuinuka."

Yule mama alitikisa kichwa kidogo. "Basi," alisema. "Miaka yote nilijiambia labda mulikuwa mumekwisha kukimbia." Akageuka, na watu wakampisha mpaka akatoka.

Muuza simenti alikasirika, na hilo nililitarajia. Nisilolitarajia ni hasira ya majirani. Mzee wa nyumba ya pili aliacha kuitikia salamu ya Kapiteni. Dada mmoja niliyesoma naye alikuja dukani kununua dawa ya kichwa, akaniambia kwamba rafiki yangu amewatukana wote. Nilimuuliza amewatukana vipi, maana hakumtaja mtu. Alichukua dawa yake akaondoka. Nilielewa usiku nikiwa jikoni. Kapiteni aliposema alisikia, alikuwa amesema kwamba kugonga milango kulisikika, na mtaa ule kuta zake ni nyembamba.

Jina lake lilibaki kwenye orodha kwa kuwa hapakuwa na muda wa kuliondoa. Chama kilipata viti viwili, naye alikuwa wa tatu. Mama yake, aliyekuwa amebaki mjane, alimshukuru Mungu kwa sauti mbele yetu. Kapiteni alirudi shuleni. Nilitaka kumwomba radhi kwa kumsukuma, nikaona maneno hayatoshi.

Siku moja aliniomba nimsindikize mtaa wa Buyenzi. Yule mama alikuwa amepanga chumba katika ua wa familia moja ya Kiislamu. Alitupokea mlangoni. Mimi alinipa kigoda. Kapiteni hakumpa kitu, naye akachutama pale nje, magoti yake marefu yakifika karibu na kidevu. Akasema hakuja kuomba msamaha siku ile. Alikuja kuuliza kama kuna jambo lolote anaweza kulifanya.

Mama yule aliendelea kuchambua mchele wake.  Mwishowe alituambia, bila kuinua macho, kwamba walipotoka pale mlangoni walikimbilia upande wa mto Ntahangwa, na karibu na daraja mume wake alishikwa. Mume alimpigia kelele yeye aendelee na mtoto aliyekuwa mgongoni. Aliendelea, akafika Uvira, na mwili hakuuona.

"Nataka kujua wapi walimuzika," alisema. "Kama walimuzika."

Kapiteni alijua, kama sisi wote tulivyojua, kwamba wakati ule kulikuwa na wanaume wa misikitini Buyenzi waliookota maiti na kuzizika. Kwa majuma kadhaa alitoka shuleni na kwenda kuuliza, nyumba baada ya nyumba. Sifa zake za uwanjani zilimfungulia milango mingi. Akishasema alichokuja kutafuta, baadhi ilifungwa tena. Wengine walimshauri ayaache yaliyopita. Mwisho alielekezwa kwa mzee mmoja, fundi wa magari aliyestaafu, ambaye alikuwa miongoni mwa wale wazikaji. Mzee alikubali kutupeleka.

Tulikwenda wanne, asubuhi. Makaburi yalikuwa yamemea majani mpaka magotini. Mzee alitembea polepole akishika ukuta, akasimama mahali ambapo hapakuwa na jiwe wala msalaba, ardhi tupu yenye mashimo madogo ya panya.

"Mama, siwezi kukudanganya," alisema. "Wale wa karibu na daraja tuliwalaza hapa. Nani ni nani, Mungu ndiye anajua. Hatukuuliza dini ya mutu. Wote tuliwasomea."

Mama akamuuliza kama anakumbuka mwanaume mwenye sweta ya kahawia, iliyoshonwa kiwikoni kwa uzi mweusi. Aliishona yeye mwenyewe. Mzee aliinamisha kichwa akifikiri, na nilimwona anavyotamani kusema ndiyo. Akasema hakumbuki sweta.

Yule mama alipiga magoti kwenye majani, akafanya ishara ya msalaba, akalitamka jina la mume wake kwa sauti, kama mtu anayemwita aliye chumba cha pili. Mzee alifungua viganja na kuomba kwa Kiarabu. Mimi nilisimama kando ya mzee. Kapiteni alikuwa amebaki nyuma kabisa, karibu na njia.

Yule mama akageuza kichwa. "Njoo hapa," alimwambia. "Usisimame nyuma yangu."

Kapiteni akaja akapiga magoti kando yake. Hawakushikana mikono. Hakuna aliyemkumbatia mwenziwe. Walikaa hivyo mpaka jua likapanda na mzee akaanza kutafuta kivuli.

Sijui kama alimsamehe. Sikuwahi kusikia neno hilo likitamkwa kati yao, na Kapiteni mwenyewe, nilipomuuliza miaka ya baadaye, alisema hajui, na kwamba si yeye wa kuuliza. Ninachojua ni kwamba kila mwaka, siku ya kuwaombea marehemu, wanakwenda pale wawili na jembe dogo, wanakata majani, wanarudi. Mimi sikualikwa tena, na sikuomba kualikwa.