Kitanda Kisichogusa Ardhi

Mimi ni mtu wa hofu, na hilo silifichi. Simu ikiita kabla hakujapambazuka, naanza kusali hata sijajua anayepiga ni nani. Kwa hiyo kaka yangu aliponipigia kutoka Nzega na kusema, "Baba asiende tena kambini, na mwambie wewe, maana ni wewe tu anayekusikiliza," nilibaki nimekaa mbele ya cherehani yangu pale Kanyenye, Tabora mjini, na sikuweza hata kutunga uzi kwenye sindano.

Kambi aliyoisema ni ya warina asali. Baba amerina asali tangu kabla sisi hatujazaliwa. Kila kiangazi hufunga unga, maharage na chumvi kwenye baiskeli, akashika njia ya zamani ya wapagazi kuelekea magharibi, kisha akaiacha na kuingia msituni. Hukaa huko wiki tatu na mwenzake mmoja, rafiki yake wa tangu ujana, na siku zote walilala chini, juu ya majani na ngozi ya ng'ombe. Mwaka uliotangulia, asubuhi moja, magoti ya baba yalikataa kumwinua. Mwenzake alikuwa ameondoka alfajiri kukagua mizinga ya mbali. Aliporudi alasiri alimkuta baba palepale alipomwacha, jua limeshamhamia usoni. Baba alisema alikuwa anapumzika. Hakutuambia neno. Ni yule mwenzake aliyetuambia, tena miezi mingi baadaye, kwa bahati mbaya, akidhani tunajua.

Kaka alikuwa na haki ya kuogopa. Lakini mimi nilikuwa na hofu ya pili ambayo yeye hakuwa nayo, kwa sababu haishi Tabora mjini. Jirani yangu mmoja, naye alikuwa mrina asali, wanawe walimzuia kwenda msituni kwa kumpenda. Wakamwekea kiti kizuri sebuleni na televisheni mbele yake. Mwaka haukuisha, nikamshonea mjane wake nguo nyeusi. Basi nikajiona niko katikati: baba akienda naweza kumpoteza msituni, akibaki nitampoteza sebuleni huku namtazama.

Nikamwambia kaka, "Nikipata kitanda cha kumwezesha kuketi ukingoni na kuinuka mwenyewe, na kikapakika kwenye baiskeli, utamwacha aende?"

Akasema, "Nitamwacha. Lakini kikimwangusha, ni juu yako."

Maneno hayo niliyabeba wiki nzima. Kitanda cha mbao hakipakiki kwenye baiskeli pamoja na unga na ndoo za asali. Aliyenifungua macho ni mteja wangu mmoja, msichana aliyekuja kupunguziwa gauni. Alikuwa anapitisha picha kwenye simu, nikaona watu wamelala ndani ya kitambaa kilichofungwa kati ya miti miwili. Nikamwomba anirudishie ile picha. "Hiyo ni hamoki, mama," akasema. "Inakunjwa, inaingia hata kwenye mkoba."

Muuzaji niliyempata sokoni anauza mahema na mikoba ya mitumba, na alikuwa na hamoki za aina tatu. Nilizikagua kwa siku tatu, mpaka akawa ananikwepa. Ya kwanza ilikuwa ya nyuzi za kusuka, na ndiyo ya bei rahisi kuliko zote. Nikaikataa pale pale, maana vifungo vya koti la baba vingenasa katika kila tundu, na mbu angemfikia kwa chini bila taabu. Ya pili ilikuwa turubai zito lenye mbao mbili za kutanua ncha. Ilipendeza macho, lakini nilipoijaribu pale dukani nilipinduka, na muuzaji akanidaka mkono. Isitoshe ilikuwa nzito na bei yake haikunihusu. Ya tatu ilikuwa nailoni nyepesi, pana, ina chandarua cha zipu na mikanda miwili mipana ya kuzungushia mti. Nikaigeuza ndani nje. Mshono wake ulikuwa mistari mitatu, umerudiwa kwenye ncha, na uzi haukukatika nilipouvuta kwa meno.

"Imeandikwa kilo mia mbili, mama," akasema muuzaji.

"Aliyeandika hamjui baba yangu."

Akacheka, lakini akanifundisha. Isikazwe, iachwe ilegee, ipinde kama tabasamu. Uketi kwanza katikati, ndipo uingize miguu. Usilale ukifuata urefu wake, lala kimshazari, mgongo utanyooka. Ikae kimo cha kiti, ili ukitaka kushuka nyayo zako zifike chini. Na chini ya mgongo uweke blanketi, kwa sababu baridi ya msituni hupenyeza kwa chini. Nikainunua, nikarudia maneno yake njiani kote nikirudi nyumbani, kwa sauti, watu wakinitazama.

Niliifunga uani, kati ya nguzo ya geti na muarobaini. Nikaanguka mara moja, kwa sababu niliingiza mguu kabla ya makalio. Usiku nililala humo mwenyewe nione. Kila kamba ilipolia nikakaa, nikaipapasa kwa vidole, nikalala tena. Mimi ni mzito kuliko baba kwa mbali, na ilinibeba hadi asubuhi. Hata hivyo sikutulia.

Baba alikuja Jumapili baada ya misa. "Shikamoo, baba." "Marahaba, mama." Akakizunguka kile kitanda cha kitambaa mara mbili bila kukigusa. Kisha, kabla sijaeleza lolote, akaivua mikanda yangu, akatoa mfukoni kamba ya magome aliyoisokota mwenyewe, akakifunga upya. Alikifunga juu, usawa wa kifua chake, na akakikaza mpaka kikanyooka kabisa.

"Baba, hivyo utapandaje?"

"Nitaweka gogo."

"Na kushuka?"

"Nitashuka kwenye gogo. Chini kuna siafu, kuna nyegere. Kitu chochote cha thamani msituni kinafungwa juu, na kinafungwa sawa, kisiegemee upande." Akapigapiga kile kitambaa kwa kiganja.

Ndipo nilipomwelewa. Alikuwa anatundika mzinga. Kwa zaidi ya miaka hamsini ametundika mizinga kwenye miti, juu na sawasawa, na mikono yake haijui namna nyingine. Nilimwomba, nikambembeleza, mwisho nikamkaripia, jambo ambalo sikuwahi kumfanyia baba yangu. Akaniacha nikishushe. Akaketi katikati kama nilivyomwelekeza, akaingiza miguu, akalala. Kitambaa kikamfunika pande zote mbili. Hakukaa humo hata dakika moja. Alitoka bila kusaidiwa, nyayo zikafika chini vizuri, akasimama, akashika nguzo ya geti na kutazama barabarani.

"Kizuri," akasema. Uso wake haukuwa wa mtu aliyepata kitu kizuri. Nilidhani ni kizunguzungu cha kubembea, na kwa kuwa nilikuwa nimeshapata nilichokitaka, sikuuliza.

Lakini je, akifika huko ambako sipo? Hilo ndilo lililoninyima usingizi. Nikachukua kipande cha kitenge chekundu, nikakata utepe, nikaushonea chini ya kitanda, katikati kabisa. Nilikuwa nimeupima kwa goti lake. "Baba, ncha ya huu utepe iguse majani. Ikigusa majani, kimo ni sawa. Ikining'inia hewani, umekosea." Akasema amesikia. Akakikunja kitanda, akakitia kwenye mfuko wake na kuondoka na mwenzake, baiskeli mbili zikilia minyororo.

Kule hakuna mtandao. Siku ya kwanza nilishona kola juu chini. Siku ya nne mteja alinirudishia suruali ambayo nilikuwa nimeifunga mifuko. Kaka alipiga kila jioni kuuliza kama nimesikia lolote, na kila jioni nilimwambia kutosikia ni habari njema, nikakata simu. Nilimwona baba katika kila hali mbaya: amepinduka, kamba imekatika, amelala chali na jua limemhamia usoni na mwenzake yuko mbali. Siku ya kumi nikafunga duka. Nikakodi bodaboda hadi pale njia ya msitu inapochepuka, kisha nikafuata matairi ya baiskeli kwa miguu.

Nilifika mchana. Kitu cha kwanza nilichokiona ni utepe mwekundu. Ulikuwa unacheza hewani, usawa wa shingo yangu. Juu yake kitanda kilikuwa kimefungwa zipu yote, kimejaa, kimelemea katikati, na hakikutikisika.

Nikaita, "Baba." Hakuna aliyejibu. Nikaita tena. Nilisogea, nikanyoosha mkono, nikagusa kitambaa kwa chini. Kilikuwa baridi na kigumu. Naomba Mungu asinigusishe tena kitu kwa moyo ule.

"Ni unga huo," baba akasema nyuma yangu.

Alikuwa ameketi chini, kwenye majani, mgongo kwenye mti, anasafisha nta, mwenzake ameenda kwenye mizinga. Masikio yake si ya zamani, hakuwa amenisikia. Nikakaa chini palepale nikalia, na sikuona haya.

Aliniacha nimalize. Kisha akaniambia siafu walifika usiku wa pili, wakala maharage yao karibu yote. Tangu hapo ndani ya kitanda kuna unga na chumvi na ndoo mbili za asali, na hakuna mdudu aliyevifikia. Aliyasema hayo kwa fahari.

"Baba, nilikununulia ulale. Nilikipima kwa ajili yako. Niliangukia mbavu kwa ajili ya kitu hiki."

Aliiweka nta pembeni. "Nililala humo siku ile kwako. Kitambaa kiliponifunika huku na huku nikamwona mama yako."

Nilijua mara moja. Mvua za mwaka ule zilikata barabara ya kijijini kwetu, na mama alikuwa hoi. Wanaume wanne walimfunga ndani ya blanketi, wakalining'iniza kwenye mti mrefu wa kubebea, wakauweka mabegani kumpeleka barabara kuu. Baba alishika mbele. Mimi nilikuwa na miaka minane, nilitembea nyuma nimebeba viatu vya mama, nikatazama blanketi lile likipinda kwa uzito wake. Mama hakurudi. Na ni mimi, niliyekuwa pale, niliyenunua kitambaa kinachopinda vile vile na kumwambia baba yangu aingie. Nilikuwa nimepima mshono, upana, kilo, na goti lake.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ulikuwa umefurahi, mama. Na ungenizuia kuja."

"Sasa unainukaje?"

Akaonyesha kwa kidevu. Kwenye tawi juu ya majani anayolalia ilikuwa inaning'inia kamba ya magome, ile ile aliyokuja nayo kwangu, ina mafundo matatu, fundo la chini limefika usawa wa kifua cha mtu aliyeketi. Nikataka kumshika kwapa. "Kaa," akasema. "Tazama."

Akashika fundo la chini, akavuta. Makalio yaliinuka kidogo, yakarudi. Akapumua, akavuta tena, goti moja likatetemeka, akarudi chini. Nilijishika mikono kwa nguvu mpaka kucha zikaniingia, nisimkimbilie. Mara ya tatu akahamisha mkono kwenye fundo la pili, kisha la tatu, na akasimama. Akaniangalia kutoka juu, anahema, na mikono yake ilikuwa imechubuka katikati ya viganja.

Sindano na uzi huwa vimo kwenye mkoba wangu siku zote. Nikaufumua utepe mwekundu kutoka chini ya kitanda, nikaukata vipande vitatu, nikavizungushia kwenye yale mafundo na kuvishonea kwa uzi mara mbili, mkono usichubuke. Baba alijaribu kushika, akasema inashikika. Nililala kambini usiku ule, juu ya majani, na alfajiri nilimsikia akivuta kamba. Sikugeuka.

Nilipokuwa narudi, mtandao ulipopatikana karibu na barabara, simu ikaita hapohapo. Kaka aliuliza kama kitanda kimefika salama. Nikamwambia kimefungwa vizuri kabisa.

"Na asubuhi anaamkaje?"

"Anaamka mwenyewe," nikasema. Sikumwambia kuhusu mara mbili za kwanza.