Mtakatifu wa Ubaoni na Shamba la Babu

Baba mdogo alituita kwake Columbus, Marekani, shangazi akitoka Buffalo na mimi Louisville. Alitaka dada yake akubali shamba la babu liuzwe. Kule Burundi mnunuzi alikataa kulichukua mpaka wazee wa mlimani kijijini kwetu wamsikie shangazi mwenyewe akikubali kwa simu, maana babu alimkatia sehemu ya kulima alipofiwa na mume. Baba mdogo alikuwa akisema mwanamke hana shamba kwa baba yake. Hata hivyo, bila neno la shangazi alikwama.

Siku mbili walinuniana mezani. Jumapili akatupeleka jumba la makumbusho, kwa kuwa siku hiyo hakuna kiingilio. Alisema hataki dada yake aseme alifungiwa ndani.

Shangazi, Mkatoliki, alisimama mbele ya picha ya kale iliyochorwa juu ya ubao: mtakatifu mwanamke, wauaji wake wakimng'oa meno kwa koleo. Akafanya ishara ya msalaba. Baba mdogo ni mlokole. Akamuuliza kwa sauti kama huo ubao nao hujibu maombi. Mlinzi akatukazia macho. Mimi nikatazama viatu vyangu.

Shangazi akaniambia nimsomee karatasi iliyokuwa ukutani. Mimi husoma polepole, na Kiingereza polepole zaidi.

"Soma, profesa," baba mdogo akasema. "Tumeleta mablanketi ya kulalia hapa."

Nikasoma. Picha ilikuwa ya altare ya kanisa moja. Miaka mingi baadaye ilikuwa mikononi mwa mfanyabiashara, kisha kwa tajiri mmoja, na mjane wake akaitoa zawadi kwa jumba hili.

"Kanisani ilitokaje?" shangazi akauliza.

Nikamwambia karatasi inasema haijulikani.

"Waliokuwa wakisali pale wamekufa wote," baba mdogo akasema. "Nani atauliza?"

Shangazi akamgeukia.

"Kumbe unangoja nife."

Baba mdogo akatangulia kutoka. Tulipofika kwenye gari akawapigia wazee, akafungua spika na kumsogezea shangazi simu mdomoni. Shangazi akawasalimu kwa heshima zote, akauliza hali za nyumbani kwao, kisha akasema:

"Wazee wangu, sijauza. Waambieni majirani wa pande zote za shamba kwamba mmenisikia mwenyewe, ningali hai."

Baba mdogo akakata simu. Akawasha gari, akatushusha kituo cha mabasi na kuondoka. Mabegi yetu yalikuwa bado nyumbani kwake.