Faini ya Kulipa Mapema

Siku tuliyosaini mkopo wa nyumba, meneja wa benki alitupa mkono mimi na mume wangu akasema, "Hongereni sana, sasa mna kwenu." Nilimtazama usoni nione kama anatania. Hakuwa anatania. Hati ya nyumba ilikuwa mezani kwake, ndani ya bahasha ya kaki, na sisi tulikuwa tunatoka pale na kalamu ya bure yenye nembo ya benki, pamoja na karatasi inayosema nitakatwa mshahara kwa miaka kumi na mitano. Kama huko ndiko kuwa na kwenu, basi hata mbuzi aliyefungwa kamba uwanjani kwa mtu ana kwake.

Mimi ni muuguzi, hapa hapa Kyela. Mume wangu hununua mchele vijijini na kuupeleka ng'ambo ya mto Songwe, nje ya mpaka, ambako shangazi zake wameolewa, na akirudi hurudi na chochote kinachouzika. Nyumba yenyewe ilikuwa ya mwalimu mstaafu aliyehamia kwa watoto wake. Si kubwa, lakini msingi wake umeinuliwa, na mtu wa Kyela akitafuta nyumba huangalia msingi kwanza. Masika yakija, maji hayapigi hodi.

Miaka ya mwanzo tulilipa kimya kimya. Mshahara wangu ulifika umeshang'atwa, nami nikajiambia kwamba angalau deni linashuka. Siku moja nikapita benki kuuliza limeshuka kiasi gani. Afisa mikopo alikuwa kijana wa suti, na tai imemkaba shingo katika joto lile la kuivisha ndizi. Akageuza kompyuta yake nione. Nikadhani amekosea jina.

"Mbona kama hatujalipa kitu?"

"Mmelipa, mama. Ila miaka ya mwanzo mnalipa zaidi riba. Ndivyo mfumo ulivyo."

Mfumo. Siku hizi kila jambo ambalo hakuna anayetaka kulitolea maelezo huitwa mfumo. Nikamuuliza, "Na nikileta hela za ziada, zikaenda moja kwa moja kwenye deni lenyewe?"

Akakuna shingo. "Inawezekana, mama. Lakini wateja wengi hawafanyi hivyo."

"Wateja wengi wanafanya nini?"

"Wanaongeza mkopo."

Alisema hivyo kwa uso mkunjufu kabisa, kama mtu anayekuelekeza dukani. Nilitoka mle nimeshaamua. Nilirudi nyumbani nikamwambia mume wangu kwamba hatutafika hiyo miaka kumi na mitano, labda nife.

Mwenyezi Mungu naye akaamua kutujaribu kwa neema. Mume wangu aligawiwa na marehemu baba yake shamba la kakao kule Ngana, nusu kwa nusu na kaka yake. Kaka mtu aliuza nusu yake mapema, siku ambazo kakao ilikuwa haimnunulii mtu hata viatu. Sisi tuliacha yetu pale, zaidi kwa uvivu kuliko kwa akili. Kisha bei ikapanda. Ikapanda mpaka watu wakawa wanaenda kwenye mnada wa kakao wamevaa kama wanaenda harusini.

Wilaya nzima ikapagawa. Nilimwona kwa macho yangu mwanamume aliyenunua seti ya makochi ya ngozi kabla hajasakafia nyumba, makochi yakakaa kwenye vumbi na nailoni zake mpaka kuku wakayazoea. Jirani yetu alinunua spika ndefu kuliko mke wake, na wimbo aliokuwa nao ulikuwa mmoja. Mwingine alivuka mpaka akarudi na mke wa pili, na bei ilipoteremka kidogo akamrudisha kwao kwa nauli ya kukopa. Wote hawa walipita mbele ya mlango wangu wakinionea huruma, kwa sababu mimi nilikuwa bado natembea kwa miguu kwenda kazini.

Mume wangu naye aliingiwa na homa hiyo. Alianza kutaja gari.

"Gari dogo tu, mama watoto. La kubebea mchele."

"Gari dogo lenye viti vya rangi ya maziwa ndilo la kubebea mchele?"

"Watu wanatuona hatuna maendeleo."

"Watu hao ndio watakaotulipia benki?"

Tulinuniana, kisha tukakaa chini tukakubaliana. Hela ya ada ya watoto na ya dharura ingekaa kwenye kikoba changu, na hakuna atakayeigusa, hata malaika akija kuiomba. Mtaji wa mchele ungebaki wake. Kinachozidi, chote, kingekwenda kwenye deni. Alikubali, ila kwa sauti ya mtu anayekubali kung'olewa jino.

Hapo ndipo nilipojua thamani yetu mbele za watu. Nilikuwa nikiletewa kadi za michango ya harusi kama mgonjwa anavyoletewa uji, na nilikuwa nachanga. Sasa nikaanza kuchanga kidogo, pengine nisichange kabisa. Mama mmoja wa kwaya, mwenyekiti wa kudumu wa kamati zote za sherehe, alinisimamisha nje ya kanisa.

"Dada, tunasikia siku hizi umekuwa mkavu."

Nikamwambia nina deni la nyumba.

"Deni kila mtu analo! Unajibana hivyo, utazikwa nayo hiyo nyumba?"

Huyu alikuwa mwanamke aliyepanga chumba kwa mtu ambaye kila Januari alimtishia kumtolea vyombo nje. Nilimjibu "ndaga fijo", asante sana, na nikaondoka.

Ya watoto ndiyo hayakunichekesha. Binti yetu mkubwa alikuwa bweni, na likizo moja nilimnunulia viatu vya mtumba, vizuri tu, visivyotoboka. Akavigeuza geuza.

"Mama, sisi ni maskini?"

"Hapana. Sisi tunadaiwa."

"Kuna tofauti?"

Nilimwambia ajaribu viatu. Vilimbana kidogo, akavivaa hivyo hivyo, na hilo liliniuma kuliko maneno ya mama wa kwaya.

Tulikuwa tumeshalimenya deni likabaki kiini tu pale shemeji yangu, yule kaka aliyeuza nusu yake ya shamba, alipotangaza kwamba anataka udiwani. Mtu huyu hajawahi kuongoza hata foleni ya kisimani. Lakini alishona shati la kola ngumu, akajifunza kushika watu mkono kwa mikono miwili, na Jumapili moja mchana akaja kwetu na baba zake wadogo wawili. Nikajua si salamu. Nikawapikia wali na samaki, kwa sababu adabu haina kosa, nikakaa.

"Shemeji," akaanza, "hii nyumba ni fahari ya ukoo mzima."

"Ni fahari ya benki, shemeji. Bado tunaimalizia."

"Ndilo nililojia. Mmelipa sana. Benki sasa inawaamini. Mnaweza kwenda mkaongeza mkopo, nikafanyia kampeni, na nikishakaa kwenye kiti nitarudisha mara mbili."

"Usipokaa?"

Baba mdogo mmoja akakohoa. "Mwanangu," akamwambia mume wangu, siyo mimi, "hapa kwako anayejibu ni nani?"

Nikamgeukia mume wangu nisikie. Mume wangu alikuwa anamchambua samaki miiba kwa uangalifu ambao sijawahi kuuona tangu anioe. Akasema atafikiria. Wageni wakamaliza wali, wakamwomba Mungu aibariki nyumba, wakaenda zao. Naye akaendelea kufikiria.

Siku chache baadaye nikiwa kazini simu ikaita. Yule kijana wa suti.

"Mama, mume wako alipita hapa kuulizia kuongeza mkopo. Fomu ziko tayari, tunasubiri sahihi yako tu."

Nilimaliza zamu yangu. Sindano nilizochoma mchana ule, wagonjwa wanisamehe. Nilipofika nyumbani nilimkuta nyuma ya nyumba anashona magunia.

"Ulienda benki."

Hakuinua uso. "Nilienda kuulizia tu."

"Mtu haendi kuulizia bei ya jeneza kama hana maiti."

Akaweka sindano ya magunia chini. Nilitegemea afoke, nami nilikuwa nimejiandaa kufoka zaidi. Badala yake akasema taratibu, "Baba alipofariki mimi nilikuwa darasa la sita. Yule ndiye aliyenilipia shule. Aliuza ng'ombe wake. Sasa anakuja kuniomba, nimwambieje?"

Hili sikuwa nalijua. Miaka yote nimemdharau shemeji yangu kwa raha, na dharau ni kama kiti cha mwenyewe, mtu hukikalia bila kuangalia. Ilinibidi nikae kidogo juu ya gunia. Lakini hata nilipokwisha kukaa, hesabu yangu haikubadilika.

"Basi mlipe ng'ombe wake," nikamwambia. "Uza mchele umlipe, hata wawili. Sitasema neno. Lakini usimpe paa la watoto wangu akawanunulie watu pilau."

Alishona magunia mpaka jua likazama. Asubuhi aliniamsha akiwa amevaa shati la kanisani.

"Hela za mnada wa mwisho zimeingia. Twende tukalipe lote."

"Leo?"

"Leo. Kabla sijashawishika tena."

Hilo ni jambo la kiungwana kuliko yote aliyowahi kuniambia, na ameniambia mengi.

Benki walipojua tumekuja kumaliza deni, tuliingizwa ofisi ya meneja, ile yenye kiyoyozi, ambayo hatukuwa tumeiona tena tangu kusaini. Soda zikaletwa. Meneja alitusikitikia kama tuliofiwa. Kwa nini haraka? Fedha ile tungeweza kuifungulia akaunti maalumu. Tungeweza kukopa gari. Mume wangu akasikia neno gari, nikamkanyaga mguu chini ya meza.

"Tunalipa deni," nikasema.

Meneja akashusha pumzi, akabonyeza mashine yake ya hesabu. "Sawa. Basi kuna na ada kidogo ya kulipa kabla ya wakati."

"Ada ya nini?"

"Ya kulipa mapema, mama. Benki inapoteza riba iliyotarajia."

"Nikichelewa kulipa, mnanitoza?"

"Ndiyo, mama, hiyo ni adhabu ya kuchelewa."

"Nikiwahi, mnanitoza?"

"Ipo kwenye mkataba."

"Kwa hiyo mtu mwema kwenu ni yupi?"

Akacheka, akidhani ni mzaha. Tulilipa na hiyo faini. Nilikunywa soda yangu mpaka tone la mwisho, kisha nikanywa na ya mume wangu, maana nilikuwa nimeshazilipia.

Ungefikiri wangetupa hati yetu siku ile. Thubutu! Hati ilikuwa makao makuu. Kudai kwao huchukua dakika moja, kwa ujumbe wa simu, tena alfajiri. Kukurudishia chako kunahitaji sahihi ya mtu aliye likizo. Nilienda kila wiki nikiwa na sare zangu za kazi, nikikaa pale mbele ambapo wateja wapya wanasubiri mikopo, nikiwaeleza kwa sauti ya kutosha ninachosubiri. Nadhani hilo ndilo lililoiharakisha. Ilipokuja, mume wangu aliisoma mbele ya dirisha la benki, mstari kwa mstari, akaikunja akaitia kifuani.

Shemeji aliangushwa kwenye kura za maoni za chama chake, akasema ni mimi. Yawezekana. Mume wangu alimpelekea fedha ya ng'ombe wawili, akaipokea bila kusema asante, na mwezi huo huo akanunua ng'ombe kweli. Hilo lilinishangaza. Siku hizi ananisalimia, kwa mkono mmoja.

Mshahara wa kwanza ulioingia mzima niliutazama kwenye simu nikahesabu sifuri zake mara mbili. Tukaamua kumwezekea mama yangu kibanda chake cha kufinyangia vyungu. Mama yuko Ikombe, ng'ambo ya Matema kando ya ziwa, na Ikombe hakuna barabara, ni mtumbwi tu. Tukapakia bati pale Matema, zikalala katikati ya mtumbwi zikiakisi jua mpaka mpiga kasia akafumba jicho moja njia nzima. Mume wangu alizikumbatia kama mtoto mgonjwa.

Mama alitukuta ufukweni, mikono yake ina udongo mpaka viwiko. Aliziangalia bati, akatuangalia sisi.

"Mlikuwa wapi?"

Nikamweleza yote tukiwa tumekaa kando ya vyungu vilivyokuwa vinakauka. Riba, kakao, udiwani, faini. Alisikiliza akiendelea kusugua shingo ya chungu kwa jiwe laini. Nilipomaliza akauliza, "Hela yote mliyowapa hao watu wa benki, ingetosha kununua nyumba ngapi kama hiyo?"

Mume wangu akapiga hesabu kichwani. "Kama mbili hivi, mama."

"Na mkapewa moja."

"Moja."

"Na mnafurahi."

Alikicheka chungu chake, hakutucheka sisi, kisha akaosha mikono akaenda kutupikia. Ulikuwa ugali wa muhogo na dagaa wa ziwani, na tulikula mpaka tukalegea. Jioni mume wangu alipopanda juu kuanza kazi ndipo tulipogundua kwamba misumari ya bati tumeiacha Matema, dukani, juu ya kaunta. Alishuka, akakunja suruali, akaanza kumtafuta mpiga kasia.