Wifi Alivyomsemea

Fundi alikuwa ameshona kwa miaka kumi na moja kabla hajahamia ugenini. Sare za shule ndizo zilizompa jina. Kola zake hazikujikunja hata zikifuliwa mwaka mzima, na wateja walizoea kumwona akitunga uzi kwenye sindano huku anapiga soga. Mumewe, dereva wa lori, ndiye aliyetangulia kupata kazi nchi ile. Miaka miwili baadaye akamwita, wakafikia kwa dada yake dereva, ghorofa ya tatu, vyumba viwili na jiko ambalo watu wawili hawapishani bila kuombana radhi.

Wifi alikuwa na miaka tisa huko. Aliosha masufuria kwenye jiko la hospitali, na lugha ya wenyeji ilimtoka kama maji ya bomba. Alikuwa na binti wa miaka mitatu, ambaye baba yake hakutajwa nyumbani humo. Dereva aliondoka kila Jumatatu na kurudi Ijumaa, kwa hiyo wiki nzima nyumba ilikuwa ya wanawake wawili na mtoto.

"Usiwe na wasiwasi, wifi yangu," Wifi alimwambia Fundi siku ya kwanza. "Mimi ndio mdomo wako mpaka uote wa kwako."

Kila Jumanne walikwenda pamoja kwenye ofisi ya wageni, kutafutiwa kazi. Karani wao alikuwa mama wa makamo, mpole, mwenye sweta ambayo kifungo chake kimoja kilishonwa kwa uzi wa rangi nyingine. Fundi alikiona kifungo hicho kabla hata hajauona uso. Jumanne ya kwanza Fundi alieleza kila kitu: miaka yake kumi na moja, sare, suti za harusi, mashine za kanyagio na za umeme. Alieleza hadi mikono ikachoka. Wifi akamgeukia karani, akatamka maneno manne.

"Mbona yamekuwa machache hivyo?" Fundi aliuliza walipotoka.

"Lugha yao fupi, wifi. Neno moja linabeba gunia."

Fundi akacheka. Lakini Jumanne iliyofuata karani aliuliza jambo, Fundi akajibu "ndiyo" tu, na safari hii Wifi akaongea mpaka karani akaacha kuandika, akamtazama Fundi kwa huruma, kama mtu anayemtazama mgonjwa. Hapo machale yakamcheza. Lugha fupi imekuwaje ndefu leo?

Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na yeye alikuwa anakula na kulala kwa watu. Alijitia hamnazo, ila tangu siku hiyo akaanza kumpima Wifi kama anavyopima kitambaa cha mteja mgumu. Aliona jinsi Wifi alivyokuwa akipokelea simu kwenye ngazi badala ya sebuleni. Aliona barua za ofisi zikifunguliwa kabla hajazishika. "Matangazo tu," Wifi alisema, akizikunja. Labda kweli yalikuwa matangazo. Fundi alijikuta anashuku hata chai aliyomiminiwa, kisha akajionea aibu, kisha akashuku tena.

Wifi akiwa kazini, mtoto alibaki na Fundi kutwa. Kwa mtoto, lugha ile ilikuwa lugha ya katuni, na hakuwa na ubahili nayo. Fundi alijigusa pua, mtoto akataja. Sikio, akataja. Mkono, mlango, kijiko. Fundi akikosea, mtoto alimkaripia kama mwalimu mkuu. Ndani ya wiki sita alikuwa na maneno ya kutosha kuombea chumvi kwa jirani, na Wifi hakujua.

Ndipo ikafika Jumanne ambayo Fundi, akiwa amekaa kimya na mkoba mapajani, alisikia Wifi akitamka neno ambalo mtoto alimfundisha jana yake. Macho. Halafu tena: macho. Karani akatikisa kichwa polepole, akafungua kabati, akamletea Fundi fomu zilizoandikwa kwa herufi kubwa kama za darasa la kwanza.

Macho yangu yameingiaje hapa? Swali hilo alirudi nalo nyumbani, akapika nalo, akalala nalo.

Ijumaa dereva aliporudi, hata viatu hakuvua. "Mbona hukuniambia una shida ya macho? Ofisini wamenipigia. Wamekupa miadi kwa daktari, Jumatatu."

Kwa dakika nzima Fundi alimshuku na yeye. Ni dada yake, damu nzito kuliko maji. Lakini uso wa mumewe ulikuwa wa mtu aliyeumia kwa kufichwa jambo.

"Ni kupima tu," akamjibu. Alitaka kwanza kuwa na ushahidi mkononi.

Wifi alipopata habari akasema haraka mno, "Hiyo miadi ni ya wazee. Nitakufutia."

"Sawa, wifi," Fundi akasema.

Jumatatu, Wifi alipotoka kwenda kazini, Fundi alimvika mtoto koti, akachukua karatasi yenye anwani, akawaonyesha watu wanne njiani mpaka akafika. Daktari wa macho alimkalisha mbele ya ubao wenye alama zinazotazama juu, chini, kushoto na kulia. Fundi alizionyesha kwa kidole, safu baada ya safu, mpaka ile ya mwisho inayofanana na chungu wanaotembea. Daktari akaangalia jalada, akamwangalia yeye, akaangalia jalada tena.

Fundi akachomoa sindano aliyozoea kuichomeka ndani ya kola yake. Akavuta uzi uliokuwa unaning'inia kwenye mkono wa koti la mtoto, akautunga mara moja, akamwonyesha. Daktari alicheka mpaka muuguzi akachungulia. Akaandika barua, akaipiga muhuri.

Kesho yake ilikuwa siku yao ya ofisi, lakini Fundi aliwahi peke yake na mtoto, saa mbili kabla ya zamu ya Wifi kwisha. Karani aliisoma barua, kisha akalifungua jalada na kumsomea polepole, neno kwa neno, akihakikisha anaelewa. Macho mabovu. Kushona hawezi. Anapenda kukaa nyumbani na mtoto.

Fundi alikuwa ameifanyia mazoezi sentensi yake akishuka ngazi za ghorofa zote tatu. "Hayo maneno ya wifi," akasema kwa lugha yao iliyovunjika. "Maneno yangu hapana."

Alasiri Wifi alirudi akinuka sabuni ya masufuria. Fundi alikuwa anakunja nguo za mtoto.

"Leo nimekwenda ofisini, wifi. Nimesomewa."

Wifi akabaki amesimama na viatu mkononi. "Umesomewa nini?"

"Kwamba mimi kipofu."

Wifi akakaa kwenye ukingo wa kiti. "Ukienda kazini, huyu nitamwacha na nani? Kabla hujaja nilikuwa namfungia ndani, wifi. Siku nzima nakwangua masufuria huku nawaza moto, nawaza dirisha. Ulipokuja ndio nikapumua."

"Ungeniomba."

"Ungekataa."

"Hutajua sasa," Fundi akasema, akaendelea kukunja.

Dereva alipoelezwa alitaka wahame siku ileile. Fundi akakataa, kwa sababu ya mtoto. Kazi ilipopatikana, kwenye karakana inayoshona na kurekebisha sare za hoteli, alichukua zamu ya asubuhi na Wifi akabadili, akachukua ya alasiri. Walipishana mlangoni, mmoja akimkabidhi mwingine mtoto, na kwa wiki nyingi hawakusemezana zaidi ya "ameshakula" na "bado". Baada ya miezi minne Fundi na mumewe walipata chumba chao mtaa wa pili.

Wifi huja Jumapili na mtoto. Huongea, hucheka, wakati mwingine huleta aproni yake ipigwe pindo. Fundi humpenda, na akiulizwa atasema hivyo bila kusita. Lakini akisikia hodi yake, huinuka kwanza akaziweka barua zake kwenye droo na kugeuza ufunguo, ndipo huenda kumfungulia.